Alama A kwenye Haki za Binadamu, Mtazamo Uleule

Ingia kwenye darasa lolote la mwaka wa tatu wa sheria, usome kwa sauti: "Kila mtuhumiwa ana haki ya kutetewa na wakili." Mikono yote juu. Kisha soma hii: "Mtu aliyenaswa na kamera akimbaka mtoto alipiwe wakili kwa fedha za umma, na kesi isianze kusikilizwa mpaka wakili huyo apate muda wa kutosha kujiandaa." Hapo mikono inapungua, na mingine inaning'inia nusu hewani ikisubiri kuona jirani anafanyaje. Kisheria kauli ya pili ni ileile ya kwanza, imevishwa sura tu. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inazungumzia wakili, muda wa kujiandaa na mtu asiye na uwezo wa kulipa, wala haina aya inayomtenga mbakaji.

Pengo hili si jipya. James Prothro na Charles Grigg walilionyesha katika utafiti waliouchapisha 1960, baada ya kuwahoji watu wa Ann Arbor na Tallahassee, Marekani. Kanuni za jumla za demokrasia zilikubaliwa na karibu kila aliyeulizwa. Kanuni hizohizo zilipowekewa mtu asiyependwa, kwa mfano Mkomunisti aliyechaguliwa kihalali kuwa meya, makubaliano yakavunjika. Waliokuwa na elimu zaidi walifanya vizuri kidogo, lakini pengo halikuisha.

Vitivo vya sheria, kwa sehemu kubwa, hufundisha na kutahini kwenye kauli ya kwanza, wakati kazi ya mhitimu itakuwa kwenye kauli ya pili. Hakimu hakutani na "kila mtuhumiwa". Anakutana na mtu mmoja, siku ya Jumanne, mwenye jina na kosa linalochefua. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu wa haki za binadamu si kama wanafunzi wake wanajua ibara. Aulizwe mtazamo wao unasimama wapi pale haki inapomwangukia mtu wasiyempenda, na amejuaje.

Sheria yenyewe inadai zaidi ya kukariri. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Kazi ya Mawakili, zilizopitishwa Havana 1990, zinazitaka serikali, vyama vya mawakili na taasisi za elimu zihakikishe kwamba mawakili wanaelimishwa na kuzingatia miiko ya kazi yao na haki za binadamu (kanuni ya 9). Ibara ya 25 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inaweka wajibu wa kufundisha juu ya mabega ya nchi wanachama. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Elimu na Mafunzo ya Haki za Binadamu la Desemba 2011 linaigawa elimu hii mafungu matatu: elimu kuhusu haki, yaani kanuni na taratibu zake, elimu kupitia haki, yaani kufundisha kwa namna inayoheshimu haki za mwalimu na mwanafunzi, na elimu kwa ajili ya haki, yaani kumwezesha mtu kutumia haki zake na kulinda za wenzake. Kitivo cha kawaida kina fungu la kwanza la kumwaga, la tatu kidogo kupitia kliniki ya sheria, ambako wanafunzi huhudumia wateja halisi chini ya msimamizi, na la pili hakuna aliyewahi kulijadili kwenye kikao.

Na fungu hilo la pili ndilo wanafunzi wanalolisoma kila siku bila mtaala. Mwanafunzi anatuhumiwa kuiga kwenye mtihani. Anaitwa mbele ya kamati kwa notisi ya siku moja, haonyeshwi ushahidi, mhadhiri aliyemtuhumu ameketi miongoni mwa wajumbe, na uamuzi unatoka kwa mstari mmoja usio na sababu. Wiki hiyohiyo darasa linafundishwa kwamba hakuna anayeweza kuwa mwamuzi wa shauri lake mwenyewe. Wanafunzi si wajinga. Wanachojifunza hapo ni kwamba haki ya kusikilizwa ni mada ya mtihani, halafu kuna namna mambo yanavyoendeshwa kwa kweli. Hakuna mhadhara utakaolishinda somo hilo.

Kurekebisha hapa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tuhuma ziandikwe na kukabidhiwa pamoja na ushahidi angalau siku tano za kazi kabla ya kikao. Aliyetuhumu awe shahidi, asiwe mjumbe. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu. Rufaa iende kwa mtu ambaye hakuwamo kwenye kikao cha kwanza. Mitihani isahihishwe kwa namba, bila majina. Kitivo kisichoweza kufanya haya matano kisihangaike kwanza kupima mitazamo ya wanafunzi. Kipime ya wajumbe wa kamati.

Pingamizi tatu, na kila moja ina dawa yake

Wanafunzi wenye mashaka huwekwa kapu moja, nalo ni kosa. Kuna anayesema haki za binadamu ni za wahalifu, kuna anayesema zimeletwa na wageni, na kuna anayesema ni maandishi matupu yasiyotekelezeka. Ukimjibu wa tatu kwa hoja za wa kwanza, unampoteza.

Wa kwanza anaamini kwamba anajua nani ni mhalifu. Usimhubirie utu. Mpe jalada: mtu aliyekaa mahabusu siku tisa bila kufikishwa mbele ya hakimu, maelezo ya onyo (aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake), na ripoti ya gwaride la utambulisho lenye kasoro mbili ambazo lazima azitafute mwenyewe. Mpe saa moja na kalamu nyekundu. Kinachomsogeza ni kugundua, kwa utaalamu wake mwenyewe, kwamba uhakika wake ulijengwa juu ya karatasi mbovu.

Wa pili anastahili historia kamili, si nusu yake. Ni kweli kwamba Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 10 Desemba 1948 lilipitishwa na nchi 48, nane zikijizuia kupiga kura, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika na Asia ilikuwa chini ya wakoloni na haikuwa na kiti ukumbini. Mwalimu akilificha hilo, mwanafunzi atalipata kwingine na hatamwamini tena. Ni kweli pia kwamba Peng Chun Chang wa China, Charles Malik wa Lebanon na Hernán Santa Cruz wa Chile walikuwa miongoni mwa walioliandika, na kwamba Hansa Mehta wa India ndiye aliyesukuma ibara ya kwanza itaje binadamu wote badala ya neno lililoweza kusomeka kama wanaume peke yao. Ongeza Mkataba wa Afrika wa 1981, wenye haki za watu kwa ujumla wao na wajibu wa mtu binafsi, kisha muulize mwanafunzi ni haki gani hasa anayoiita ya kigeni. Mara nyingi hana tatizo na haki ya kutoteswa. Ana tatizo na kundi moja la watu. Basi mjadala uhamie huko waziwazi.

Wa tatu ndiye hatari zaidi kwa sababu ana ushahidi. Kesi ya Grootboom, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2000, hufundishwa dunia nzima kama ushindi wa haki ya makazi. Irene Grootboom mwenyewe alifariki 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Mwalimu anayefundisha hukumu bila kilichofuata anatengeneza wahitimu watakaokata tamaa mwaka wa kwanza kazini. Fundisha hukumu, kisha tenga kipindi kizima kwa utekelezaji: nani alipaswa kufanya nini, kwa bajeti ipi, nani angefuatilia, na amri ya mahakama ingeandikwaje ili iwe na meno.

Kipindi kimoja kwa karibu

Mada ya utesaji ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti ya kufundisha kanuni na kufundisha mtazamo. Njia iliyozoeleka ni kusoma ibara ya 2(2) ya Mkataba dhidi ya Utesaji wa 1984, kwamba hakuna hali yoyote ya kipekee inayoweza kuuhalalisha, kisha kutaja kesi. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanapata alama. Ukiwauliza kantini kuhusu mshukiwa anayejua mtoto aliyetekwa yuko wapi, wanakwambia apigwe tu.

Tumia kesi ya Gäfgen dhidi ya Ujerumani, lakini kwa vipande, na usitaje jina la kesi mwanzoni kwa sababu wataitafuta kwenye simu. Dakika 15 za kwanza toa ukweli hadi pale mshukiwa alipokamatwa: mtoto wa miaka 11 ametekwa, fidia imechukuliwa, aliyeichukua yuko mikononi mwa polisi na anadanganya kuhusu mtoto alipo. Kila mwanafunzi aandike kwa siri, kwa sentensi mbili, angeamuru nini. Kusanya karatasi. Usijadili.

Kisha toa kazi yenye uzito, dakika 30. Katika makundi ya wanne, waandike amri ya kudumu ya polisi inayoruhusu maumivu au tishio la maumivu katika hali kama hiyo. Amri lazima ijibu maswali matano: uhakika wa kiasi gani kwamba aliyekamatwa ndiye, nani anaidhinisha, maumivu yanaishia wapi asiposema, itakuwaje akiwa siye, na je, amri hiyo itumike pia juu ya mke au ndugu yake anayejua siri. Hapa ndipo darasa linapobadilika hewa. Aliyekuwa na uhakika kwenye kisa kimoja anakuta mkono mzito kuandika kanuni itakayoshikwa na kila polisi, kila kituo, kila usiku. Makundi mengine hukwama kwenye swali la tatu na kurudisha karatasi tupu, na karatasi tupu ni jibu linalofaa kujadiliwa. Makundi mengine huandika amri kamili bila kusita. Hayo yapewe nafasi ya kuisoma kwa sauti, na darasa liichambue kama lingechambua muswada wowote, kifungu kwa kifungu.

Dakika 20 zinazofuata toa kilichotokea mwaka 2002 mjini Frankfurt. Afisa, kwa amri ya naibu mkuu wa polisi, alimtishia mshukiwa kwamba angepewa maumivu makali. Ndani ya dakika kama kumi alisema. Mtoto alikuwa ameshauawa kabla. Mwaka 2010 jopo kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu lilisema tishio hilo lilikuwa unyama unaokatazwa na ibara ya 3 ya Mkataba wa Ulaya, ingawa halikufikia kiwango cha utesaji, na kwamba katazo hilo halipindi kwa sababu ya nia njema ya polisi wala kwa matendo ya mshukiwa. Halikukuta kwamba haki yake ya kesi ya haki ilivunjwa, na kifungo chake cha maisha kikabaki. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kutambua haki ya mtu kama huyo ni kumwachia huru. Kuona kwamba sivyo kunapunguza hofu kuliko nusu saa ya maneno mazuri.

Dakika zinazobaki, rudisha zile karatasi za mwanzo. Kila mmoja aandike nyuma yake kama angebadilisha kitu, na kwa nini. Asilazimishwe kusoma kwa sauti.

Mambo matatu huharibu kipindi hiki. La kwanza ni mwalimu kuonyesha jibu lake mapema, kwa uso au kwa kicheko. Toka hapo wanafunzi wanafunika kombe mwanaharamu apite: wanasema kinachotakiwa, wanaondoka na cha kwao. La pili ni wasemaji wawili kumeza muda wote, ndiyo maana maandishi yanatangulia maneno. La tatu huwa halifikiriwi kabisa: darasani anaweza kuwemo aliyepigwa na polisi, aliyekimbia vita, au ambaye ndugu yake alitekwa. Tangaza mada wiki moja kabla, eleza kwamba mtu anaweza kufanya kazi mbadala ya maandishi bila kutoa sababu, usionyeshe picha za majeraha, na kamwe usimgeukie mwanafunzi ukimtaka asemee kabila, dini au nchi yake.

Kliniki: mteja mmoja ni bora kuliko magereza matano

Ziara ya siku moja gerezani ni danganya toto. Wanafunzi hamsini wanapita wakitazama watu nyuma ya nondo, wanapiga picha getini, wanaandika ripoti yenye neno "changamoto" kila aya. Wafungwa wamegeuzwa maonyesho, na wanafunzi wanatoka na huruma au karaha, ambazo zote huisha wikiendi. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza 1954 kwamba kukutana na kundi jingine hupunguza chuki pale pande mbili zinapokuwa na hadhi sawa ndani ya shughuli hiyo, lengo moja, ushirikiano, na taasisi inayounga mkono. Ziara haina hata moja kati ya hayo manne.

Kliniki inaweza kuyapata, ikipangwa hivyo. Mwanafunzi, au wawili wawili, washike mteja mmoja kwa wiki nane hadi kumi: kuchukua maelezo, kutafuta wadhamini, kuandika maombi ya dhamana, kueleza matokeo. Msimamizi mmoja kwa wanafunzi wanane hivi. Akizidi kumi na wawili anakuwa mtia saini tu. Kila wiki ukurasa mmoja wa tafakari, bila jina la mteja wala kitu cha kumtambulisha, ukijibu swali mahususi. "Umejifunza nini?" huzaa maneno ya kupamba. "Wiki hii ulimwamini mteja kwenye jambo gani, ukamtilia shaka kwenye lipi, na kwa ushahidi gani?" huzaa kitu cha kusoma.

Kinachoharibika mara nyingi ni wiki ambayo mteja amedanganya. Mwanafunzi alimpigania, kisha faili la polisi likaonyesha hukumu tatu za nyuma. Asipopata mtu wa kuzungumza naye ndani ya siku chache, anakuwa yule wakili wa baadaye anayesema "hawa watu wote ni walewale". Hapo ndipo kanuni ya 18 ya Havana, kwamba wakili asifananishwe na mteja wake wala shauri la mteja, inapopata maana. Inamlinda wakili dhidi ya umma, na inamlinda pia dhidi ya kujihisi amesalitiwa. Upande wa pili, anayesikiliza habari za ukatili kila wiki hubeba kitu nyumbani. Kukosa usingizi, kukwepa simu za mteja na ghafla kutojali ni dalili za kuzungumziwa na msimamizi, si uvivu.

Mashindano ya mahakama za kuigiza yana nafasi yake kwa hoja na utafiti. Kwa mitazamo siyategemei sana, kwa sababu mshindani anafundishwa kutetea upande wowote anaopangiwa, na pengine mshindi ndiye aliyemtetea mkandamizaji kwa ustadi zaidi.

Kupima bila kujidanganya

Dodoso linalogawiwa na mhadhiri mwenyewe, siku ya mwisho, kabla ya alama kutoka, litamvika kilemba cha ukoka. Anayekusanya awe mtu mwingine, asiye na mkono kwenye alama, na majibu yafunguliwe baada ya matokeo kutangazwa.

Pima mara tatu: wiki ya kwanza kabla ya mpango wa kozi kugawiwa, wiki ya mwisho, na miezi sita baadaye. Ili kuunganisha majibu ya mtu mmoja bila jina, mwanafunzi ajitengenezee alama ya siri kwa maswali asiyoweza kusahau majibu yake: herufi mbili za mwanzo za jina la mama, siku ya mwezi aliyozaliwa, herufi ya mwisho ya shule ya msingi. Ukimwambia abuni nywila yake, sehemu ya darasa haitaikumbuka.

Kauli 20 hadi 24 zinatosha kwa kiwango cha Likert cha ngazi tano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nusu ziwe zimegeuzwa, yaani kukubali kunaonyesha kupinga haki, na kwenye hesabu unatoa jibu kutoka 6 ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Kusahau hatua hiyo ni kosa la kawaida kabisa, na linajionyesha mara moja kwa alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, kuwa ndogo mno au hasi. Alfa ya 0.7 kwenda juu inakubalika kwa kazi ya aina hii. Ikivuka 0.9, uwezekano mkubwa ni kwamba umeuliza jambo moja kwa maneno kumi tofauti.

Lugha ya kauli ndiyo inayoua madodoso mengi. "Wakimbizi wapewe kazi na matibabu" ni kauli mbili. Anayekubali moja atatia alama wapi? "Si haki kutomnyima dhamana mtuhumiwa wa ugaidi" itamchosha hata jaji. "Haki za binadamu ni muhimu" itakupa wastani wa 4.8 siku ya kwanza, na hapo huna pa kupandia: kozi iwe nzuri ama mbaya, grafu itabaki imegota darini. Andika kauli zenye gharama ndani yake: "Ushahidi uliopatikana kwa kumpiga mtuhumiwa ukataliwe hata kama bila huo ataachiwa." Kauli nzuri ni ile ambayo majibu ya wiki ya kwanza yanatawanyika katika ngazi zote tano. Jaribu kwa watu 15 hadi 20 wasio wa darasa hilo, na tupa kila kauli ambayo karibu wote wameijibu sawa.

Hata dodoso bora linapima anachosema mtu. Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani miaka ya 1930 pamoja na wanandoa wa Kichina, wakafika kwenye hoteli na migahawa 251 na kukataliwa mara moja tu. Baadaye alipowaandikia wenye maeneo hayo kuuliza kama wangepokea Wachina, zaidi ya tisa kwa kila kumi waliojibu walisema hapana. Hapo maneno yalikuwa makali kuliko matendo. Kwa mwanafunzi wa sheria kwa kawaida ni kinyume chake.

Njia ya kulizunguka tatizo ni kisa chenye matoleo mawili. Andika kisa cha nusu ukurasa: mshukiwa amekaa kituoni siku tisa, hajamwona hakimu wala wakili, polisi wanaomba siku saba zaidi. Toleo la kwanza anatuhumiwa kuiba kompyuta, la pili kumlawiti mtoto. Changanya karatasi kama karata na ugawe. Kila mmoja anaona toleo moja tu na hajui kuna lingine. Swali ni moja: wewe ni hakimu, unaamuru nini? Ibara ya 9(3) ya Mkataba wa 1966 inadai mshukiwa afikishwe mahakamani upesi, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza 2014, katika Maoni ya Jumla namba 35, kwamba saa 48 kwa kawaida zinatosha. Siku tisa zimeshavunja haki katika matoleo yote mawili. Tofauti ya majibu kati ya makundi ndiyo kipimo chako. Tahadhari ya hesabu: ukiwa na watu 30 kwa kila toleo utaona tofauti kubwa tu, ndogo itajificha kwenye bahati.

Kundi la ulinganisho ni lazima kozi ikiwa ya hiari, maana wanaoichagua tayari wana mwelekeo fulani. Wape dodoso hilohilo wanafunzi wa mwaka uleule waliochukua, tuseme, sheria ya kampuni, na ulinganishe kiasi cha mabadiliko, si alama za mwisho. Walioanza 80 wakimaliza 55, hesabu hao 55 pekee mwanzo na mwisho, na utazame waliotoweka walianza na alama gani. Mara nyingi waliotoweka ndio waliokuwa na mashaka, na bila kuliangalia hilo wastani utapanda wenyewe.

Alama zikishuka usikimbilie kulia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anakubali "uhuru wa maoni ulindwe daima" bila kuwaza. Wa wiki ya kumi na nne amesoma ibara ya 20 ya Mkataba wa 1966 inayotaka uchochezi wa chuki upigwe marufuku kwa sheria, naye anatia alama ya 3 kwa sababu anafikiri. Ongeza mwishoni swali la kurudi nyuma: "Ukitazama sasa, siku ya kwanza ungejiweka wapi?" Pia acha mistari mitatu tupu ya "kwa sababu" chini ya kauli nne ngumu zaidi. Majibu ya hapo yana thamani kuliko wastani wote.

Usitie alama imani ya mtu

Kisichotahiniwa wanafunzi hawakisomi, na hapo kishawishi ni kutahini mtazamo wenyewe. Usifanye. Ibara ya 19(1) ya Mkataba wa 1966 inalinda haki ya kuwa na maoni bila kuingiliwa, na tofauti na haki ya kuyatoa, haikuwekewa mipaka. Mwalimu anayempunguzia mwanafunzi alama kwa kupinga kufutwa kwa adhabu ya kifo anavunja anachofundisha, na anazalisha wanafiki kwa gharama ya chuo.

Kinachoweza kupewa alama kwa haki ni uwezo. Mwanafunzi aandike msimamo wake kwa sentensi moja isiyo na alama, kisha aandike hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya msimamo huo, akitumia mamlaka za kisheria, kwa alama 30. Anayeunga mkono adhabu ya kifo aeleze kwa nini majaji wote 11 katika kesi ya Makwanyane, Afrika Kusini 1995, waliona inakiuka katiba, na kwa nini maoni ya umma hayakutosha kuihalalisha. Anayeipinga aeleze kwa nini ibara ya 6(2) ya Mkataba wa 1966 bado inaitaja na inadai masharti gani. Msahihishaji akiweza kukisia mwanafunzi yuko upande gani kwa udhaifu wa hoja ya upinzani, kazi haijafikia kiwango.

Baada ya kipimo cha miezi sita, matokeo yarudi kwa wanafunzi wenyewe, kauli kwa kauli, yakionyesha mtawanyiko na si wastani peke yake. Kauli ambayo darasa halikusogea hata kidogo iwekwe wiki ya pili ya kozi inayofuata badala ya wiki ya kumi na mbili, wakati bado kuna muda wa kuirudia mara tatu kwa visa tofauti. Ile iliyorudi nyuma ipelekwe kwanza kwa wale walioandika sababu zao chini yake, ili mwalimu ajue kama amewapoteza au wameanza kumsoma kwa makini.